Msisubiri Tutafute Mtoto: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Afya, Nakuru na Nairobi

Kwa:
Waziri wa Afya wa Kaunti ya Nakuru,
Wanakamati wa Kamati ya Afya, Bunge la Kaunti ya Nakuru,
Waziri wa Afya, Afya House, Nairobi.

KUH: HUDUMA KWA WANAWAKE WENYE PCOS (POLYCYSTIC OVARY SYNDROME, HALI YA HOMONI INAYOVURUGA HEDHI) KATIKA ZAHANATI NA VITUO VYA AFYA

Waheshimiwa,

Mwanamke akiingia katika kituo cha afya akasema hajaona siku zake kwa miezi minne, huulizwa kwanza kama ana mimba. Kipimo kikionyesha hana, huulizwa kama anatafuta mtoto. Akisema hatafuti, mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Huambiwa aende nyumbani, apunguze mawazo, hedhi itarudi yenyewe. Kliniki ya wajawazito si yake. Ya mpango wa uzazi ni ya anayezuia mimba. Ya wagonjwa wa sukari haijamjua bado. Na daktari wa wanaotafuta watoto yuko hospitali kubwa, tena si hilo lililomleta. Mwanamke huyo hana mlango wa kuingilia, nami naandika kwa niaba yake kwa sababu mimi ni mmoja wao.

Mimi ni mwalimu wa shule ya umma upande wa magharibi wa jiji la Nakuru. Ninaishi na PCOS. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hali hii huwapata hadi wanawake 13 katika kila 100 wa umri wa kuzaa, na kwamba hadi 70 katika kila 100 ya hao hawajui kwamba wanayo. Katika chumba cha walimu chenye wanawake 30, huenda tuko watatu, na pengine ni mmoja tu anayejua jina la kinachomsumbua.

Kwa wengi wetu chanzo kiko ndani zaidi kuliko mfuko wa uzazi. Mwili hauitikii insulini, homoni inayodhibiti sukari, ipasavyo, hivyo kongosho huongeza kiasi chake, na insulini hiyo ikizidi huzichochea ovari kutengeneza androjeni kupita kiasi. Androjeni ndizo zinazoitwa homoni za kiume; kila mwanamke anazo, ila kidogo. Zikizidi, mayai hayakomai. Hubaki ndani ya ovari yakionekana kwenye skani kama vifuko vidogo vingi, hedhi hupotea au huja ovyo, chunusi hujaa usoni mwa mtu mzima, nywele huota kidevuni huku za utosini zikipungua, na ngozi ya shingo na kwapa huwa nyeusi kama haioshwi. Hali hii hurithiwa katika koo nyingi. Haitokani na kurogwa, haikuletwa na sindano ya kupanga uzazi, na haiwapati wanene peke yao. Wembamba pia wanayo, nao hucheleweshwa hata zaidi kwa sababu hakuna anayewadhania.

Naomba niseme kwanza juu ya ndevu, maana ndizo tunazozificha kuliko yote. Kuna wanawake katika kaunti hii wanaoamka kabla ya waume na watoto wao ili wanyoe kidevu kwa mwanga wa simu. Wembe huacha vipele, vipele huacha madoa, na madoa huzibwa kwa poda kabla ya jua kuchomoza. Kufikia saa tisa alasiri kidole kikipita chini ya taya kinakwaruzwa tena. Mimi hufundisha nikiwa nimeshika kidevu, na wanafunzi wangu wanaamini hiyo ndiyo namna yangu ya kufikiri. Kwenye matatu nachagua kiti cha dirishani, nigeuze uso nje. Saluni ambako wenzangu hutolewa nyusi kwa uzi, mimi naingia jioni wateja wakiwa wameondoka, kwa sababu niliwahi kuingia mchana na msichana mmoja akamwita mwenzake aje aone. Kanisani, mama mmoja mwenye nia njema aliniita kando akaniambia kuna maombi maalumu ya kuvunja vifungo vya ukoo. Nilimshukuru. Nilikuwa nahitaji daktari.

Tukilitaja jambo hili hospitalini tunaambiwa ni suala la urembo. Waheshimiwa, mtu asiyeweza kuketi karibu na mwenzake kwenye benchi bila hofu ya kutazamwa hana shida ya urembo. Ana dalili ya ugonjwa inayoonekana kuliko zote, na ina dawa. Vidonge vya mpango wa uzazi vyenye homoni mbili hushusha androjeni na kurudisha utaratibu wa hedhi, na vidonge hivyo viko katika orodha ya vifaa ambavyo vituo vya umma hutoa bila malipo. Kupunguza nywele huchukua miezi sita hivi au zaidi, na ni lazima mtu aelezwe hivyo mapema asije akavitupa mwezi wa pili. Ni lazima pia apimwe presha na aulizwe kuhusu historia ya damu kuganda, kipandauso na sigara, kwa sababu si kila mwanamke anafaa kuvitumia. Wapo wanaohitaji kuongezewa spironolaktoni, dawa inayozuia kazi ya androjeni, kwa sharti kwamba wanazuia mimba wakiwa wanaitumia, kwani inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Haya yote anaweza kuyasimamia muuguzi au afisa wa kliniki aliyefunzwa. Hayahitaji safari ya Nairobi.

Halafu kuna damu. Hedhi ikikaa miezi mingi bila kuja, siku ikirudi huja kwa nguvu za miezi yote hiyo. Nimefundisha nikiwa nimefunga sweta kiunoni jua la saa sita, nikawaambia watoto waandike zoezi refu ili nisilazimike kusimama. Anayefanya kazi kwenye mashamba ya maua ya Naivasha, anayesimama ndani ya vibanda vya plastiki kutoka asubuhi, hana zoezi la kuwapa watu. Akiomba kutoka mara ya tatu, msimamizi anaandika. Akikosa kazi siku mbili kila damu inapokuja, mshahara unapungua, na hana barua ya daktari ya kuonyesha kwa sababu hakuna aliyewahi kumwandikia jina la ugonjwa wake.

Neno tunalolisikia kuliko yote ni hili: zaa, itaisha. Linasemwa na shangazi, linasemwa na wauguzi, na katika kituo kimoja nisichotaka kukitaja nililisikia kwa daktari. Si kweli. PCOS haimalizwi na uzazi. Humfuata mwanamke hata baada ya hedhi kukoma kabisa, kwa upande wa sukari na presha. Neno hilo linawaumiza watu wa kila aina. Linamuumiza msichana wa chuo asiyetaka mtoto sasa, na mtawa ambaye hatazaa, na mke anayesemwa na mawifi kila sherehe. Linamuumiza pia mama wa watoto wanne, ambaye hurudishwa haraka kuliko wote kwa hoja kwamba ana watoto tayari, basi analalamikia nini. PCOS haizuii uzazi kwa kila mtu. Wengi wetu huzaa, wengine kwa kuchelewa, wengine kwa msaada wa vidonge vya kuchochea mayai kama letrozoli. Nimemwona binti aliyeambiwa hatapata mtoto kamwe, akaacha kujikinga, akapata mimba akiwa mwaka wa pili wa masomo. Yule aliyemwambia maneno yale hakuwepo binti alipokuwa akilia.

Na kama si zaa, ni punguza uzito, kisha urudi. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS uliotolewa mwaka 2023 unakiri wazi kwamba kutupiwa lawama za unene kunatudhuru, na haukupata chakula cha aina moja kilicho bora kuliko kingine kwa hali hii. Mazoezi yanasaidia, ndiyo, hata mizani isiposogea. Lakini kumwambia mwanamke wa mtaa wa Kaptembwo aache ugali, bila kumpima sukari, bila kumpa dawa, bila kumuuliza anakula nini na kwa pesa gani, hiyo si huduma. Ni kumfukuza kwa upole.

Niwaeleze sasa kwa nini kusubiri hadi tutafute mtoto kunahatarisha maisha. Utando wa ndani wa mfuko wa uzazi hujengeka kila mwezi na kumwagika na hedhi. Yai lisipokomaa, utando huo huendelea kuchochewa bila kumwagika, na baada ya miaka mingi ya hali hiyo uwezekano wa saratani ya mfuko wa uzazi huongezeka. Kinga yake ni rahisi mno: kuhakikisha mwanamke hapitishi siku 90 bila hedhi, au apewe dawa ya homoni inayoulinda utando huo. Pili, wanawake wenye PCOS wako katika hatari kubwa zaidi ya kisukari cha aina ya pili, na huweza kukipata wakiwa vijana kuliko tunavyozoea kuwaona wagonjwa wa sukari. Mwongozo niliotaja unataka kila mwenye PCOS apimwe sukari anapogunduliwa, kisha kila baada ya mwaka 1 hadi 3. Kipimo kinachofichua zaidi ni kile cha kunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa damu saa mbili baadaye, kwa sababu sukari ya asubuhi pekee inaweza kuonekana nzuri na kumbe mambo yameharibika. Tatu, tukishika mimba tuna uwezekano zaidi wa kisukari cha mimba na presha ya mimba. Kwa hiyo huyo mnayemngoja kwenye kliniki ya wajawazito atafika kwenu akiwa na hatari ambayo ingejulikana miaka kumi mapema.

Kuhusu moyo na akili nitasema kwa kifupi, si kwa sababu ni jambo dogo bali kwa sababu linanilemea. Mwongozo huo huo unataka kila mwenye PCOS aulizwe kuhusu huzuni na wasiwasi, maana yanatupata zaidi kuliko wanawake wengine. Sijawahi kuulizwa. Ningeulizwa, ningejibu.

Nirudi shuleni, ambako ninaona tatizo hili likianza. Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa mwaka 2017 ili serikali iwape sodo bila malipo wasichana waliobalehe katika shule za umma. Mimi ndiye mwalimu wa ushauri nasaha shuleni petu, na sodo zikifika ni mimi ninayezigawa. Kuna wasichana wa Gredi ya 8 na 9 ambao hawazihitaji kwa muda mrefu, kisha ghafla paketi moja haiwatoshi. Wenzao huwacheka kwa chunusi na ndevu changa, na wengine hudhaniwa wamepata mimba, wakaitwa ofisini, wakapimwa kwa aibu. Hedhi kuyumba katika mwaka wa kwanza ni kawaida, sitaki mtu yeyote aanze kuwatisha watoto. Lakini ukishapita mwaka wa kwanza tangu hedhi ya kwanza, msichana anayekaa zaidi ya siku 90 bila hedhi anastahili kuonwa na mhudumu wa afya. Na asikimbizwe kwenye skani. Kwa wasichana, hadi miaka minane ipite tangu hedhi ya kwanza, skani ya ovari haitumiki kutambua PCOS, kwa sababu ovari changa huwa na vifuko vingi kwa kawaida yake. Nasema hivi kwa sababu nimeona wazazi wakiuza kuku kulipia skani ambayo haikupaswa kufanywa, wakarudi na karatasi iliyowaambia binti yao ni mgonjwa.

Kwa mtu mzima pia, skani haimalizi maneno. Vigezo vinavyotumika tangu mwaka 2003 vinahitaji mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na utaratibu, dalili au vipimo vya androjeni kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi. Mwanamke mwenye ndevu na hedhi inayokuja mara nne kwa mwaka tayari ana mawili. Kinachobaki ni kuhakikisha hana shida ya tezi la shingo, homoni ya maziwa iliyozidi, au sababu nyingine inayofanana. Foleni ya skani isiwe kisingizio cha kumwacha bila matibabu.

Waheshimiwa wa Kaunti, mengi ninayoyaomba mnayo tayari. Tangu Septemba 2023 nchi hii ina wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaotembea nyumba kwa nyumba wakiwa na mashine ya presha, ya sukari na mizani. Wanapofika Rhonda, Barut au Kuresoi wanauliza juu ya mimba na chanjo za watoto. Waongezeeni swali moja kwa kila mwanamke na msichana aliyebalehe: je, umewahi kukaa zaidi ya siku 90 bila hedhi, na huna mimba, hunyonyeshi, na hutumii sindano au kipandikizi? Akisema ndiyo, apimwe presha na sukari hapo hapo, na apewe karatasi ya kumpeleka kituoni. Metformini iko katika orodha ya dawa muhimu za Kenya na hutumika katika kliniki za sukari. Hao hao wauguzi wa kliniki ya sukari wanaweza kutupokea siku moja kwa mwezi. Msijenge jengo. Tengeni siku, fundisheni wauguzi na maafisa wa kliniki, chapisheni mwongozo wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili ubandikwe ukutani, na hakikisheni vidonge haviishi kabla mwezi haujaisha. Vidonge vya homoni vikikatika kila baada ya miezi miwili, ni afadhali hata visingeanzishwa, kwa maana mwanamke hurudi kwenye damu ya ghafla na hukata tamaa ya dawa yoyote.

Siku hiyo iwe Jumamosi, angalau Naivasha na Gilgil, ili anayelipwa kwa siku asichague kati ya dawa na chakula. Na anayetoka Olenguruone asiambiwe kuja Nakuru mjini kwa jambo ambalo muuguzi wa huko angelimaliza. Wanaohitaji daktari bingwa ni wachache: wenye damu isiyokoma, wenye nywele zilizoota kwa kasi mno ndani ya miezi michache na sauti kuwa nzito, ambao huenda wana uvimbe, na wanaotafuta mtoto bila mafanikio. Hao wasafirishwe upesi.

Mheshimiwa Waziri wa Afya, kwako nina mawili. Tangu Oktoba 2024 ninakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya ya jamii, na silalamiki, nafurahi ikiwa jirani yangu anatibiwa. Naomba muandike kwa lugha tunayoielewa, na mbandike katika kila kituo, ni vipimo na dawa gani za PCOS zinazolipiwa na mfuko wa bima hiyo, katika ngazi ipi, na mwanamke aliyetozwa kinyume chake alalamike wapi. La pili, tuhesabiwe. Kituo kinapotuma ripoti ya kila mwezi, kuwe na mstari wetu. Dawa huagizwa kwa hesabu, na asiye katika hesabu hawezi kuagiziwa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, ikiwemo afya ya uzazi, na hakikusema haki hiyo inaanza siku mtu anapotaka kuzaa.

Wanakamati wa Afya wa Bunge la Kaunti, ninyi ndio mnaopitisha fedha. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupaswa kufika mbele ya Bunge lenu kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka. Tutakuja kwenye vikao vya kutoa maoni, mimi na wenzangu, walimu, wauzaji wa sokoni na wafanyakazi wa maua ambao wamekubali kusimama na kusema hadharani. Tunaomba kabla ya hapo tupate jibu la maandishi juu ya mambo haya: siku ya kliniki, mafunzo ya wauguzi, vidonge na metformini visivyokatika, na swali la siku 90 katika fomu ya wahamasishaji. Mkituambia lipi litawezekana mwaka huu na lipi litangoja, tutaelewa. Msipojibu, tutaleta ombi rasmi Bungeni, na majina yetu yatakuwa chini yake.

Wenu mwaminifu,

Mwalimu wa shule ya umma,
Nakuru Magharibi